Mfupi kwa Nani? Uhakiki wa Mada Tunayoipenda

Kati ya mada zinazorudiwa katika midahalo ya wanafunzi wa Kiswahili hapa Gikondo, hakuna inayopendwa kama hii: faida na hasara za kuwa mwanamume mfupi. Mwenyekiti akiisoma, ukumbi hucheka kabla hajamaliza sentensi. Upande wa kutetea huleta orodha yake: mfupi hatumii kitambaa kingi, hagongi kichwa mlangoni, kitanda cha bweni kinamtosha, na uzee haumwonekani haraka. Upande wa kupinga huleta yake: hafikii rafu ya juu, hupotea katika umati, wasichana humpita kama hawakumwona. Majaji hutoa alama, tunakunywa Fanta, tunarudi vyumbani. Nimesoma pia insha za mada hii zilizoandikwa na wenzetu waliotutangulia, na umbo lao ni moja: utangulizi, faida tano, hasara tano, kisha hitimisho kwamba wote ni sawa mbele ya Mungu.

Makala haya yanaihakiki mada yenyewe. Msomaji ajue mapema kwamba nina sentimita 158, kwa hiyo mimi si shahidi asiye na upande. Hata hivyo hoja yangu si ya kujitetea. Naona kwamba orodha zetu zote hukosea mahali pamoja: huchukulia ufupi kuwa mali iliyomo mwilini mwa mtu, kama meno au damu, kisha huhesabu mapato na matumizi yake. Lakini hakuna mtu aliye mfupi akiwa peke yake chumbani. Ufupi huanza mtu wa pili anapotokea na kushika kipimo. Kwa hiyo kabla ya faida na hasara kuna swali ambalo midahalo yetu hulikwepa: ni nani anayepima, na anapima kwa ajili ya nini? Na sisi Wanyarwanda tuna sababu ya kuliuliza kuliko watu wengi.

Nianze na yale madogo, maana yana ukweli wake. Katika twegerane ya kutoka Gikondo kwenda mjini, abiria wanne wakibanwa katika kiti kimoja, mimi hufika nikiwa na magoti yangu yote mawili, na jirani yangu mrefu hufika akiwa amekunjwa kama mwavuli. Hiyo ni faida, siikatai. Lakini hoja ya kitambaa inayoshangiliwa kila mwaka siikubali hata kidogo. Anayeitoa hajawahi kununua suruali akiwa na miguu yangu. Nguo za mitumba, tunazoziita caguwa, zilikatwa kwa vipimo vya wanaume wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo moja, na bei sokoni ikapanda. Mimi hulipia suruali nzima pamoja na ushuru wake, kisha humlipa fundi cherehani aikate, na kipande kinachobaki huwa tambara la kufutia viatu. Kama ushuru ni wa kilo, kuna gramu ninazodaiwa kila mara bila kuzivaa.

Ukiangalia vizuri, hata mfano huo wa suruali haunihusu mimi. Unamhusu aliyechora suruali. Utafiti mkubwa wa kimo duniani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanaume wa Uholanzi waliozaliwa mwaka 1996 wana wastani wa zaidi ya sentimita 182, na wale wa Timor Mashariki wana takriban sentimita 160. Mtu wa sentimita 170 akipanda ndege Amsterdam ni mfupi, akishuka Dili ni mrefu, na njiani hakuongezeka hata ukucha. Napoleon yalimpata ya namna hiyo. Kimo chake kiliandikwa kwa inchi za Kifaransa, ambazo zilikuwa ndefu kuliko za Kiingereza. Waingereza wakazisoma kama zao, na wachoraji wao wa katuni wakamchora kama mtoto aliyevaa kofia ya babake. Kwa hesabu za leo alikuwa na takriban sentimita 168, kimo cha kawaida kwa Mfaransa wa wakati wake. Mpaka leo mwanamume mfupi akikasirika huambiwa ana ugonjwa wa Napoleon. Yaani mtu ambaye hakuwa mfupi ametuachia sisi wafupi jina la ugonjwa.

Sasa niingie katika lugha, ambako nadhani sisi wanafunzi tuna la kusema. Kwa Kinyarwanda mwanamume ni umugabo. Tukimtia katika aka-, anakuwa akagabo, na hapo msikilizaji anajua kwamba mtu huyo ni mdogo, au anadharauliwa, au yote mawili. Tukimtia katika iki-, anakuwa ikigabo, jibaba. Kiswahili sanifu kina mambo kinyume: ki- ndiyo inayopunguza, kama katika kijitu na kijibwa, na ukubwa huja kwa ji-, kama katika jitu. Mwanafunzi anayetoka Kinyarwanda na kuona ki- hudhani ameona kitu kikubwa. Wale waliokulia karibu na Goma na Bukavu hawasumbuki sana, kwa sababu Kiswahili cha kule kina ka- na tu- zinazofanana na zetu, na "kale kafupi" hakihitaji mkalimani.

Tazameni ni akina nani wamewekwa katika ki- hiyo. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Na pamoja nao kibeti na kibushuti, ambayo ni maneno ya kumtaja mtu mfupi sana. Hawa wote wamepangwa kwa umbo katika ngeli ya vitu, karibu na kiti na kijiko. Lakini sarufi ina huruma yake: katika kitenzi inawarudishia utu wao. Tunasema kipofu anakuja, kibeti anakuja. Anayetaka kutukana ndiye husema kinakuja. Tusi lote limo katika silabi moja ya upatanisho, na mzungumzaji anayeitamka anajua anachofanya. Nimesikia "kinakuja" ikisemwa juu yangu, na aliyesema alikuwa na alama nzuri za sarufi.

Neno zito kuliko hayo yote ni mbilikimo. Wengi hulieleza kuwa limetokana na mbili na kimo, na wafanyabiashara wa pwani walilitumia katika karne ya 19 kuwataja watu wa misitu ya Kongo. Maelezo hayo ya asili yake yawe sahihi au la, watumiaji wa Kiswahili wameyaamini, na ndani yake watu hao hawakupewa jina la mahali wala la kazi wala la babu yao. Walipewa hesabu. Kisha neno likarudi mitaani kuwa tusi la kumtupia mwanamume yeyote asiyefika bega la mwenzake. Kamusi nyingi huziweka maana hizo mbili jirani bila kuona haya.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na tangu hapo tunatafsiri kila kitu: sheria, vitabu vya shule, mabango. Mtafsiri akikutana na Abatwa hufungua kamusi na kuandika mbilikimo, akidhani amefanya kazi safi. Lakini lugha ya serikali yetu ilishaacha kuwataja kwa jina hilo la zamani, na sasa husemwa watu walioachwa nyuma na historia. Unaweza kulilaumu jina hilo jipya kwa urefu wake, na mimi hulilaumu, lakini angalau linazungumzia historia. Mbilikimo linazungumzia rula. Maoni yangu ni kwamba neno hilo lisitumike katika maandishi yetu ya Kiswahili nchini Rwanda, na atakayenipinga aniandikie katika toleo lijalo.

Mwenye shaka kwamba rula ikishikwa na mkono fulani inaweza kumuua mtu na asome habari za Ota Benga. Alikuwa mwanamume wa Kongo, mfupi kama watu wa kwao walivyo wafupi. Mwaka 1904 alipelekwa Marekani ili aonyeshwe katika maonyesho ya St. Louis. Septemba 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi walipiga kelele mpaka akatolewa. Machi 1916 alijiua kwa risasi huko Virginia. Msituni kwao kimo chake kilikuwa kimo tu. Mtu angeweza kuandika faida zake huko, za kupita chini ya matawi na kupanda miti. Kule Bronx kimo hichohicho kilikuwa tiketi ya kiingilio.

Katika fasihi, mwanamume mfupi hana mahali pake. Shujaa mkubwa kuliko wote wa pwani, Fumo Liyongo, ni jitu. Utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamwonyesha kuwa mtu ambaye kumwona tu kulitosha kuwatia watu hofu, na mkuki na mishale havikumdhuru. Hata alipokufa alikufa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kisimani wakidhani bado yu hai. Kilichomuua ni sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa akiwa usingizini. Mimi husema kwa utani kwamba sindano ndiyo mhusika mfupi wa hadithi ile. Inashinda, lakini kwa usaliti, na hakuna mtoto wa pwani aliyepewa jina lake.

Kwa upande wa pili yuko Sungura, ambaye kwa Kinyarwanda ni Bakame. Yeye ni mdogo na hushinda: humshinda Tembo, humshinda Fisi, humshinda Simba. Ndiyo maana upande wa kutetea katika midahalo yetu humtaja kila mara. Lakini wasomeni vizuri wanyama hao. Bakame hupewa akili kwa sababu hana kitu kingine cha kupewa, na akili yenyewe ni ya kudanganya. Tembo anaruhusiwa kuwa mjinga na bado akabaki Tembo. Bakame akikosa ujanja siku moja, analiwa. Ndicho kinachonichosha katika ile faida ya "wafupi wana akili." Inasemwa kama sifa, na ndani yake mna deni: mrefu anaweza kuwa wa kawaida, mfupi sharti awe hodari. Methali tunayofarijiwa nayo, mdharau mwiba mguu huota tende, ina kasoro hiyohiyo. Sitaki kuheshimiwa kwa sababu naweza kuchoma.

Filamu zimetufanyia vibaya zaidi. Wengi wa rika langu tulikua tukitazama filamu za Nigeria katika agasobanuye, zile ambazo msimuliaji huzungumza Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji, na hakuna zilizotuchekesha kama zile za Chinedu Ikedieze na Osita Iheme. Filamu iliyowapa umaarufu, Aki na Ukwa, ilitoka mwaka 2002. Ikedieze alizaliwa mwaka 1977, Iheme mwaka 1982, kwa hiyo wote walikuwa watu wazima. Humo wanaigiza watoto watundu: wanaiba, wanachapwa, wanakimbia uchi wa akili kama watoto wa chekechea. Ni waigizaji wazuri sana, na sijui mchekeshaji wa Afrika anayetumia macho kama Iheme. Walipata fedha na heshima, na mwenye kuorodhesha faida anaweza kuwaandika. Ninachohakiki ni kicheko chetu. Kwa miaka mingi mamilioni ya watazamaji walizoezwa kuona ndevu za mtu mfupi kuwa kosa la mpiga picha. Mimi nina ndevu. Nikiingia dukani mwenye duka huniuliza nimetumwa nini.

Niharakishe kidogo katika michezo, kwa sababu huko hoja ni nyepesi. Tarehe 25 Septemba 2000 huko Sydney, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mwenye takriban sentimita 165, alimshinda Paul Tergat wa Kenya, mwenye takriban sentimita 182, katika mbio za mita 10,000, kwa tofauti ya sekunde 0.09. Husemwa kwamba siku hiyo ufupi ulishinda. Ingekuwa Tergat ametangulia kwa sekunde 0.09, tungesema miguu mirefu ndiyo siri. Vivyo hivyo katika siasa: Novemba 1963, katika mazishi ya Rais Kennedy, Mfalme Haile Selassie alitembea karibu na Charles de Gaulle, jitu la karibu mita mbili, na picha zile bado zinawachekesha watu. Mei mwaka uleule viongozi wa Afrika huru walikwenda kwake Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Picha za mkutano huo hazimchekeshi mtu.

Yote hayo tunaweza kuyajadili na bado tukanywa Fanta. Lililobaki ni lile ambalo sijawahi kulisikia katika mdahalo wowote, na nadhani linanyamaziwa kwa adabu.

Mwaka 1907 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulifika katika kasri la Mwami Yuhi V Musinga. Wajerumani wale walionyeshwa gusimbuka urukiramende, mchezo wetu wa kuruka juu, na wakaandika kwamba vijana waliruka hadi mita 2.50. Picha ya mrukaji anayepita juu ya vichwa vya wageni ilisambaa Ulaya. Kwamba warukaji walianzia juu ya kitu kilichoinuka kidogo, hilo husahaulika. Katika msafara huo alikuwamo mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, ambaye alipima miili ya watu. Tayari tangu mwaka 1863, Mwingereza Speke alikuwa amechapisha nadharia yake kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka kwingine na walikuwa watu wa namna nyingine. Vipimo vilikuja kuvaa nadharia hiyo kama nguo. Urefu ukafanywa alama ya kuzaliwa kutawala, kimo cha kati kikawa alama ya kulima, ufupi ukawa alama ya msituni. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakatia majina hayo katika vitambulisho: Hutu, Tutsi, Twa. Kuanzia hapo mtu alikuwa na kadi mbili, moja mfukoni na nyingine mwilini.

Tarehe 9 Aprili 1994, katika kanisa la misheni ya Wapalotini, hapahapa Gikondo, watu waliokimbilia humo waliulizwa kadi ya kwanza. Waliokuwa na neno Tutsi waliuawa, zaidi ya watu 100, na waangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo walishuhudia. Pale kadi ya mfukoni ilipokosekana au ilipotiliwa shaka, ilisomwa ile ya mwilini. Juni mwaka ule mtangazaji wa redio ya RTLM aliwaambia wasikilizaji wake wamtazame mtu urefu wake na sura yake, kisha waitazame pua yake. Maneno hayo yamo katika hukumu iliyotolewa na mahakama ya Arusha mwaka 2003. Katika vizuizi vya barabarani kuna waliouawa kwa sababu walikuwa warefu, ingawa kadi zao zilisema Hutu. Na kuna Watutsi waliopita kwa sababu mwenye panga aliwatazama akaona hawafiki.

Hiyo nayo tuiandike katika faida?

Sisemi hivyo ili kuuzima utani wa wenzangu. Nauliza swali la kimbinu. Orodha ya faida na hasara inadai kukusanya kila kitu ambacho ufupi humpa mwanamume, na katika nchi hii, katika mtaa huu, kuna wanaume ambao ufupi uliwapa uhai. Orodha ikiliacha hilo, imedanganya. Ikiliandika chini ya "hagongi kichwa mlangoni," imefanya jambo baya kuliko kudanganya. Naona umbo lenyewe la insha haliwezi kulibeba, kwa sababu linaona kimo tu, halimwoni aliyesimama kizuizini. Kimo cha mtu aliyepita na kimo cha mtu asiyepita havikubadilika kati ya Machi na Aprili. Mimi nilizaliwa miaka tisa baadaye. Nyumbani kwetu mgeni akianza kumsifu mtoto kwa urefu au kumtania kwa ufupi, mama yangu hubadilisha mazungumzo na kuuliza kama mvua imenyesha kwao. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kwamba hakuwa akipenda sana habari za mvua.

Wazulu wa Afrika Kusini wana hadithi ya watu wafupi sana, ambao wao pia huwaita Abatwa. Ukikutana na mmoja wao njiani, hukuuliza: uliniona ukiwa wapi? Ukijibu kwamba umemwona sasa hivi, hukasirika na kukupiga mshale wa sumu. Jibu la kukuokoa ni kusema kwamba ulimwona ukiwa mbali, juu ya mlima ule. Wasimuliaji huitumia hadithi hii kuonyesha jinsi wafupi walivyo wepesi wa hasira. Mimi nasoma swali lake. Mtu yule haulizi yeye ana urefu gani. Anamtaka msafiri aeleze mahali aliposimama.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa mhadhiri mmoja ameshalitoa. Kama ufupi ni jambo la mpimaji tu, mbona serikali inapambana na igwingira, yaani udumavu wa watoto? Ni pingamizi la haki. Kwa takwimu za afya za taifa, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 38 mwaka 2015, na wakashuka hadi asilimia 33 mwaka 2020. Mtoto aliyedumaa hakukosa sentimita peke yake. Alikosa chakula na maji safi, na aliugua mara kwa mara katika siku zake 1,000 za kwanza, na yanayomwathiri akilini na shuleni yanatokana na hayo. Hapo kimo ni dalili, kama joto la mwili lilivyo dalili ya malaria. Tatizo huanza dalili inaporudishwa juu ya mtu mzima. Siku hizi nimeanza kusikia "wewe uligwingira" ikitupwa kama mzaha kwa mwanamume yeyote mfupi, hata yule ambaye baba yake na babu yake walikuwa wafupi na walikula vizuri. Kampeni nzuri imeuzalishia mtaa tusi jipya, lenye sauti ya kitaalamu. Na kwa yule ambaye kweli alidumaa, tusi hilo linamcheka kwa njaa ambayo hakuichagua.

Katika kituo cha afya, mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao, kichwa kimeshikwa upande mmoja na miguu imenyooshwa upande wa pili. Mhudumu huandika sentimita, hutazama mstari katika kadi ya mtoto, kisha humgeukia mama na kumuuliza mtoto amekula nini wiki hii, na kama maziwa yapo nyumbani.